Mke wa Bwana Nyama

Saa tano kamili za asubuhi, watoto wa ndovu hutoka kichakani mbio. Si ule mwendo wa madaha tuliouzoea kwenye picha za kalenda. Ni mbio za watoto wa shule waliosikia kengele ya uji, masikio yametanda, mikonga inayumba ovyo kwa kuwa wenyewe bado hawajajua kuitumia. Watu waliopanga foleni pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi husogea hadi kwenye kamba na kuinua simu zao. Kwa saa moja tu, hadi saa sita, huruhusiwa kuwatazama mayatima wakinywa maziwa na kugaragara kwenye tope.

Wengi huondoka na picha za chupa. Mimi niliondoka nikiwaza blanketi. Walio wadogo kabisa hufungwa blanketi mgongoni, kwa sababu ndama asiye na mama wa kumkinga huingiwa na baridi upesi, na nimonia haimpi nafasi. Lakini lipo blanketi la pili, ambalo halivaliwi na yeyote. Hilo hutundikwa juu, likaning'inia kama pazia la mlangoni. Ndama mgeni anayekataa chupa huletwa mbele yake. Huegemeza mkonga kwenye nguo ile, akaipapasa, akatulia, na mlezi aliyejificha upande wa pili akapenyeza chupa. Kinachotafutwa na ndama ni ubavu wa mama, kitu kikubwa kilicho juu yake, cha kupumzishia mkonga wakati mdomo unanyonya. Blanketi humdanganya, naye hukubali kudanganyika, na kwa udanganyifu huo huishi.

Malezi ya namna hii yalibuniwa na mwanamke ambaye hakusomea udaktari wa mifugo wala elimu ya wanyama. Alikuwa mke wa Bwana Nyama wa Tsavo. Jina lake Daphne Sheldrick, na alifariki Aprili 12, 2018, akiwa na umri wa miaka 83.

Vijana wa leo wakisikia "Bwana Nyama" hucheka, wakidhani ni mwenye bucha. Wazee wa Voi hawacheki. Nyama, katika Kiswahili cha zamani, ni mnyama mwenyewe akiwa hai na miguu yake minne, na Bwana Nyama alikuwa mkuu wa mbuga, mtu mwenye askari, bunduki na Land Rover, aliyeweza kukufikisha kortini kwa ajili ya paa mmoja. Mke wake hakuwa na cheo. Hakuandikwa kwenye daftari lolote la mshahara. Tanzia nyingi zilizoandikwa alipokufa zilimwita mhifadhi, mwandishi, bingwa wa ndovu, na yote ni kweli. Mimi nataka kubaki na lile neno la kwanza, mke, kwa sababu nikiyafuata maisha yake naona kila kilichofuata kimechipuka hapo.

Alizaliwa Kenya mwaka 1934, katika ukoo wa walowezi waliotoka Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, akalelewa shambani upande wa Gilgil. Yatima wake wa kwanza alikuwa mtoto wa pongo, aliyekabidhiwa kumtunza akiwa hajaanza hata shule. Alifunzwa mapema nyumbani kwao kwamba mnyama wa mwituni si mali ya mtu, umeazimwa tu, na siku yake ya kurudi ikifika usimshike. Pongo yule alikua, akaondoka, mtoto akalia. Nyumba hiyo hiyo ilikuwa na upande mwingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia baba yake alipewa kazi na serikali ya kuua wanyama pori kwa wingi ili askari wapate nyama. Binti alikulia kati ya mikono miwili, mmoja unanyonyesha, mwingine unachinja, na hakuwahi kujifanya kwamba huo wa pili haukuwapo.

Alifaulu vizuri Kenya High School mwaka 1950, angeweza kuendelea na chuo kikuu, akachagua kuolewa.

Hapo ndipo pana jambo ambalo waombolezaji hulipita wakiwa wameinamisha macho. Daphne hakufika Tsavo akiwa mke wa David Sheldrick. Alifika akiwa mke wa Bill Woodley, askari kijana wa mbuga ambaye mkubwa wake kazini alikuwa huyo huyo David. Walifunga ndoa mwaka 1953 na kujaliwa binti, Jill. David naye alikuwa na mke na watoto wawili. Kwa majirani wetu wa uswahilini hadithi kama hii ingetosha kukalisha watu barazani mwezi mzima. Ndoa zote mbili zilivunjika, na mwaka 1960 Daphne akaolewa na David. La ajabu ni kwamba hapakuwa na visu. Bill aliendelea kuwa rafiki wa nyumba ile na mhifadhi mashuhuri kwa haki yake, hadi kifo chake katika miaka ya 1990. Daphne mwenyewe hakuficha. Alipoandika kumbukumbu za maisha yake mwaka 2012 alizipa jina An African Love Story, na kurasa nyingi alizotoa kwa ndovu hazikumzuia kusema waziwazi ni nani aliyempenda, lini, na ni nani aliyeumia.

David alikuwa mtu wa maneno machache. Alizaliwa Misri mwaka 1919, akatumikia vita katika jeshi la kikoloni la KAR hadi cheo cha meja, na mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948 akapewa upande wa mashariki. Upande huo peke yake unazidi kilomita za mraba 13,000. Hapakuwa na barabara, wala maji ya uhakika, wala nyumba. Msafiri wa basi la Mombasa anayelala akitoka Mtito Andei na kuamka Maungu amepita katika kazi ya mtu huyu bila kujua. Kama aliamka njiani, ameona wale ndovu wekundu. Rangi si yao, ni ya udongo wa Tsavo, wanaojipaka kujikinga na jua na kupe.

Nyumba ya Bwana Nyama pale Voi haikuwa nyumba ya kawaida. Askari wa doria wakikuta ndama amesimama kando ya mzoga, au kifaru mdogo ametumbukia kisimani, wangempeleka wapi? Kwa mama. Kwa desturi yetu angeitwa Mama Jill, na baadaye, baada ya mwaka 1963, Mama Angela, kwa binti aliyemzaa na David. Lakini orodha ya wanawe ilikuwa ndefu kuliko hiyo. Palikuwa na swala pala jina lake Bunty. Palikuwa na kifaru Rufus. Palikuwa na punda milia, na ndege mmoja, mnana, aliyebatizwa Gregory Peck kama yule mwigizaji wa sinema wa Marekani. Palikuwa na ndovu Samson na Fatuma, na nadhani huyu Fatuma ndiye aliyewafurahisha wapishi na askari zaidi, kwa kuwa hakuna ukoo wa Pwani usio na shangazi Fatuma mnene mwenye amri. Mwaka 1961 akaja Eleanor, ndovu jike wa takriban miaka miwili, ambaye alikua na kuwa kama dada mkubwa wa nyumba nzima. Kila ndama mdogo aliyeletwa alimpokea yeye, akamweka kati ya miguu yake ya mbele, akamfundisha majani gani yanaliwa. Daphne alimtazama Eleanor kwa zaidi ya miaka 30, na mengi aliyoyajua kuhusu malezi ya ndovu aliyapata kwa ndovu huyo.

Lakini Samson, Fatuma na Eleanor walikuwa na bahati moja: walipookotwa walikwisha kuvuka umri wa kutegemea maziwa tu. Ndama mchanga ni habari nyingine. Mimba ya ndovu huchukua miezi 22, na mtoto anayezaliwa hunyonya miaka miwili na zaidi. Mpe maziwa ya ng'ombe, ataharisha, atadhoofika, atakufa mkononi mwako. Daphne aliwazika hivyo mmoja baada ya mwingine. Alijaribu kuzimua, alijaribu kuongeza krimu, alijaribu unga huu na ule, na kila jaribio lilimalizika kwa kaburi dogo nyuma ya nyumba. Mumewe, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alimwona akilia na kumwacha aendelee. Kazi ya kutafuta mchanganyiko wa maziwa unaofaa ilimchukua takriban miaka 28, akirekebisha hiki na kile.

Tatizo lilikuwa mafuta. Tumbo la ndama haliwezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Njia ilifunguka pale alipokutana na maziwa ya kopo ya watoto wachanga wa binadamu ambayo mafuta yake yalitoka kwenye nazi. Nazi! Sisi watu wa Pwani tunalo neno moja, tembo, ambalo ni mnyama huyu na pia ni kileo kinachogemwa kwenye mnazi, na tangu utotoni tulifanyiwa mzaha wa yule mlevi aliyekunywa tembo akaota pembe. Kumbe mnazi na ndovu walikuwa na undugu wa kweli, na aliyeugundua ni mwanamke wa bara aliyekuwa amechoka kuchimba makaburi.

Wakati mke akipambana na chupa, mume alikuwa kwenye mapambano mengine. Katika miaka ya 1960 ndovu wa Tsavo walikuwa wengi mno kwa macho ya baadhi ya wataalamu. Waliangusha miti, waligeuza msitu kuwa nyasi. Mwanasayansi Richard Laws, aliyeletwa kufanya utafiti, alishauri maelfu yao wapigwe risasi kabla hawajaimaliza mbuga. David alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba Tsavo inajua kujirekebisha, kwamba ndovu wanaofungua nyasi leo wanamwandalia nafasi nyati na pundamilia wa kesho, na kwamba binadamu hana haraka ya kumshinda Mungu. Laws akaondoka. Ukame wa 1970 na 1971 ukaja, na maelfu ya ndovu wakafa, wengi wakiwa majike na watoto, kwa kuwa hao ndio wasioweza kwenda mbali na maji. Mpaka leo kila upande husoma ukame ule kama ushahidi wake. Mimi sina elimu ya kuamua. Ninachokiona ni kwamba msimamo wa David uligharimu, na waliolipa gharama hiyo ni ndama, na ndama waliosalia walipelekwa kwa mke wake.

Mwaka 1974 aliletewa mchanga aliyempa jina Aisha. Huyu ndiye ndovu ambaye maisha ya Daphne yanagawanyika kwake, kabla na baada. Maziwa ya nazi yalimkubali. Wiki zikapita, kisha miezi, na ndama akaendelea kuwa hai. Hakuna aliyemgusa isipokuwa Daphne. Alilala karibu naye, akatembea naye, akawa kivuli chake. Aisha alipokuwa na miezi ipatayo sita, Daphne alilazimika kwenda kushughulikia harusi ya binti yake mkubwa. Alikawia kama wiki mbili. Alikuwa ameacha mtu wa kumnyonyesha, na hata akawaza hila ya kuacha nguo yake ivaliwe na huyo mwingine ili ndama asihisi tofauti. Ndama alihisi. Aligeuka huku na huku akitafuta harufu moja, akaacha kunywa. Daphne aliporudi alikuta mifupa imesimama. Aisha hakupona.

Maziwa hayakuwa na kosa lolote. Daphne alisema tangu siku hiyo, kwa miaka zaidi ya 40 iliyobaki ya maisha yake, kwamba ndama alikufa kwa majonzi na kwamba yeye ndiye aliyemuua, kwa kumfanya ampende mtu mmoja tu.

Sijui kama kuna mama wa harusi aliyewahi kulipa mahari ya namna hiyo.

Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu yake. Mwishoni mwa 1976 David alihamishwa kutoka Tsavo, baada ya karibu miaka 30, kwenda Nairobi kuongoza kitengo cha mipango katika idara mpya ya wanyamapori. Familia ikafungasha, Eleanor na wenzake wakabaki Voi. Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Juni 13, wiki chache tu baadaye, moyo wa David ulisimama. Alikuwa na miaka 57. Mkewe alikuwa ametimiza miaka 43 siku tisa kabla.

Kwa Waswahili mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, akiitwa kizuka, asijipambe, asitoke, watu wakimjia yeye. Desturi hiyo ina hekima yake: inampa mtu nafasi ya kuvunjika bila kuulizwa atakula nini kesho. Daphne hakuwa na kitu kama hicho. Nyumba ya Voi ilikuwa ya serikali, na ilikuwa imekwisha kupata mkaaji mwingine. Alikuwa na binti wa miaka 14 hivi, hakuwa na mshahara, na mume ndiye aliyekuwa mwamvuli wa kila alichokifanya. Marafiki wa David walichangisha mfuko wa ukumbusho kwa jina lake mwaka huo huo wa 1977, na serikali ikamruhusu mjane kuishi ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kutoka kwenye nyumba hiyo ya kuazima alianza upya. Mwaka 1987 mfuko ukawa shirika linalojitegemea, nalo likabeba jina kamili la mume: David Sheldrick Wildlife Trust. Hakuweka lake. Hakuolewa tena.

Nimejiuliza mara nyingi: mtu aliyeshuhudia Aisha akifa kwa kumpenda mmoja tu, yeye mwenyewe alivukaje? Maana alimpenda mmoja tu. Ndoa yao ilidumu kasoro kidogo ya miaka 17. Ujane wake ulikaribia miaka 41. Jibu ninaloliona liko pale kwenye zizi, usiku, baada ya wageni kuondoka.

Kila ndama mdogo ana kitanda juu ya kichwa chake, na juu ya kitanda analala mlezi. Ni wanaume wa Kenya, vijana na wazee, waliovaa makoti ya kijani, na kila saa tatu wanaamka kutoa chupa. Mkonga hupanda usiku kuhakikisha mtu yupo, ukapapasa uso, ukashuka. Lakini mlezi aliyelala na ndama huyu leo, kesho atalala na mwingine. Huzungushwa makusudi, ili kila mtoto apende familia na pasiwe na mtu mmoja ambaye akienda harusini mtoto atakufa. Kanuni hiyo nzima, na ratiba yake ubaoni, ni kaburi la Aisha. Tunasema yatima hadeki. Hapa yatima hudeka kwa zamu.

Mwaka ule ule wa 1987 aliletwa Olmeg kutoka Maasai Mara akiwa na umri wa takriban wiki mbili, akawa miongoni mwa wachanga wa kwanza waliolelewa wakavuka. Walimfuata wengine wengi, kwa sababu mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya laki moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki kama 20,000. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe ndani ya mbuga ile ile alimoishi Daphne, na mwaka huo mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe duniani.

Ingekuwa uongo kumaliza hapa bila kuwataja watu ambao hadithi hii haiwapendezi. Kabla Tsavo haijawa mbuga, ilikuwa nyumba ya Waata, ambao wengine waliwaita Waliangulu, wawindaji wa ndovu kwa pinde ndefu ngumu na mishale ya sumu ya mti. Kwao kumwangusha ndovu kulikuwa utu uzima na chakula. Mwaka 1948 ulipowakuta, walilala wakiwa wawindaji wakaamka wakiwa majangili. Katika kampeni ya 1956 na 1957 David Sheldrick na Bill Woodley waliwasaka na wengi wakafungwa jela. Wote wawili waliustahi ustadi wa watu hao, na mwaka 1960 ulijaribiwa mpango kando ya mto Galana wa kuwaruhusu Waata kuwinda kwa kibali, haukudumu. Ndovu yatima alipata blanketi. Mtoto wa Mwaata aliyefungiwa baba hakupata. Na leo hii mkulima wa Taita anayekesha akipiga debe kulinda mahindi yake hana sababu ya kutokwa na machozi akisikia kwamba ndama fulani kafikisha mwaka mmoja. Daphne alitazama ulimwengu kutoka upande wa ndovu. Ndiyo iliyokuwa nguvu yake, na ndiyo iliyokuwa kasoro yake.

Walikuwapo pia wasomi waliomcheka kwamba anawavika ndovu moyo wa binadamu. Alisema ndovu huomboleza, hukumbuka, hurudi kwenye mifupa ya wafu wao na kuigusa kwa mikonga na nyayo. Siku hizi wasomi wenyewe wanaandika mambo hayo hayo kwa lugha ya tahadhari zaidi.

Moyo huo ulimponza mara moja. Katika miaka ya 1990 alikwenda Tsavo kumtembelea Eleanor, ambaye wakati huo alikuwa akichanganyika na ndovu wa porini. Alimwona, akamwita, na ndovu akaja. Hakuwa Eleanor. Alikuwa jike wa porini asiyejua jina lolote, na kwa pigo moja la mkonga alimtupa mama huyu wa zaidi ya miaka 50 kwenye mawe. Mguu ulivunjika vibaya, akapitia upasuaji na miezi mingi ya kujikongoja. Kinachonishangaza ni jinsi alivyosimulia. Alisema kosa lilikuwa lake, na kwamba akiwa pale chini alimwona ndovu yule akiingiza pembe chini yake kama anayetaka kumwinua. Mwingine angesema alitaka kummaliza. Yeye ndiye aliyekuwapo.

Nishani zilikuja nyingi. Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa udaktari wa heshima mwaka 2000, Kenya ikamtunukia nishani ya MBS mwaka 2001, na mwaka 2006 Malkia wa Uingereza akampa cheo cha Dame.

Mimi ningemtunuku kwa habari ya Ithumba. Yatima wakikua huhamishwa kutoka Nairobi kwenda Tsavo, kwenye vituo vya Voi na Ithumba, na baadaye pia msitu wa Kibwezi, ambako hujifunza taratibu kuishi na ndovu wa porini. Hakuna anayesukumwa. Mmoja huondoka akiwa na miaka minane, mwingine kumi, hurudi jioni akiona giza, siku nyingine harudi. Lile funzo la pongo wa Gilgil halikupotea: umeazimwa. Alipofariki, waliokwisha kulelewa kwa mkono walikuwa zaidi ya 230. Na wapo wanaorudi. Ndovu jike aitwaye Mulika, aliyelelewa hivyo, alizaa porini mwaka 2011 na kumleta mtoto wake Ithumba waliko walezi wake. Wakampa mtoto jina la Kikamba, Mwende, yaani mpendwa. Mwaka uliofuata mwenzake Yatta akaja na wake. Huyo aliitwa Yetu.

Bibi aliyewazika wachanga wengi nyuma ya nyumba ya Voi alikuwa hai kusikia habari hizo. Saratani ya matiti ilimchukua akiwa bado kwenye nyumba ya ndani ya mbuga, karibu na mazizi. Kazi alimwachia Angela, yule binti wa David.

Mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya mazishi, shirika lilibadilisha jina. Waliondoa neno moja tu la mwanzo. Tangu 1977 neno lile lilikuwa mbele, jina la mume, kwenye kila barua, kila lori, kila koti la kijani. Sasa ubao wa langoni umebaki na Sheldrick, bila kusema ni yupi kati ya wale wawili.